Sauti ya Kihaya Iliyorudi Mara ya Pili

Mwaka 2001, albamu ya "Maria Salome" ilipoingia madukani, wengi wa walioinunua hawakujua hata neno moja la Kihaya. Waliinunua hivyo hivyo. Katika mabasi, baa na kumbi za harusi, kutoka Bukoba na Muleba hadi Dar es Salaam, na ng'ambo ya mpaka hadi Uganda, watu waliimba kile walichodhani wamekisikia.

Mwimbaji, Saida Karoli, ni binti wa kijijini mkoani Kagera. Alichokileta mjini hakikuwa kigeni kwa mzee yeyote wa Uhaya: ngoma, sauti ya juu, na waitikiaji. Jipya lilikuwa kwamba ngoma hiyo ilisimama mbele ya muziki wa dansi na wa vijana wa mjini bila kuona haya, nao wa mjini wakaicheza.

Kisha kikafuata kimya cha miaka. Uvumi ukazagaa kwamba amefariki dunia. Sheria ya Hakimiliki ilikwisha kupitishwa mwaka 1999, lakini kanda za kunakili ziliuzwa barabarani mchana kweupe, na mwenye wimbo hakuambulia hata senti moja kwa kanda hizo. Msanii wa namna hiyo hula siku anapopanda jukwaani. Asipoitwa, jina kubwa halinunui unga.

Wako waliofikwa na makubwa zaidi baada ya sifa. Rehema Chalamila, maarufu kama Ray C, mtangazaji wa redio aliyegeuka mwimbaji, aling'ara kuanzia mwaka 2003. Ilipofika mwaka 2012 taifa zima lilijua kwamba anapambana na heroini. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alimsaidia kupata matibabu, akaanzishiwa methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto, yale maumivu na jasho la kukosa dawa za kulevya, ili mtu aweze kula, kulala na kufanya kazi. Wanaodhani ugonjwa huu hutibiwa kwa dozi moja kama malaria, na waziulize familia zinazouguza. Naona Ray C alifanya jambo gumu kuliko kuimba: aliuweka ugonjwa wake hadharani, wakati nyumba nyingi zinawaficha wagonjwa wao chumba cha nyuma.

Kwa Saida, mlango ulifunguliwa na vijana. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa zamani. Watoto waliokuwa mgongoni mwa mama zao mwaka 2001 wakaanza kuuliza mwenyewe ni nani, na yuko wapi. Mwaka uliofuata alijibu mwenyewe kwa wimbo mpya, "Orugambo". Kwa Kihaya neno hilo ni uvumi, maneno ya watu. Waliokwisha kumzika kwa midomo yao wakalazimika kumsikiliza.