Viunzi vya Mkonge kwa Mbwa wa Korogwe

Mbwa anayenusa makontena katika bandari ya Dar es Salaam hajui lolote kuhusu pembe za ndovu wala bei yake. Anachotafuta ni mpira. Huko Usa River, karibu na Arusha, ambako shirika la African Wildlife Foundation linaendesha mpango wa mbwa wa kunusa nyara ulioanza 2014, mbwa akitambua harufu inayotakiwa hupewa mpira wake na kucheza na mwongozaji. Harufu ikipatikana, mchezo unafuata. Kwa hiyo anainusa tena na tena, siku nzima, kwa furaha.

Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hutumia kanuni hiyohiyo kwa panya buku. Panya akifanya sawa husikia mlio mfupi wa kidude cha mkononi, kisha hupata chakula. Magawa, panya aliyezaliwa chuoni hapo, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na masalia mengine ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Siri ya mlio ni wakati: unamwambia mnyama ni tendo gani hasa limemletea chakula, kabla hajahamia tendo jingine.

Mafunzo ya namna hii hutumika pia katika mchezo ambao hauhitaji nyara wala mabomu: mbio za viunzi za mbwa. Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, John Varley wa kamati ya maonyesho alitafuta kitu cha kuburudisha watazamaji wakati wa mapumziko. Alishirikiana na mkufunzi Peter Meanwell, wakachukua wazo la farasi wanaoruka vizuizi na kulishusha kwa kimo cha mbwa. Watazamaji waliupenda mchezo, na miaka miwili baadaye ukapewa kanuni rasmi. Leo mbwa hushindana kuruka viunzi, kupita ndani ya bomba, kupanda ubao na kupenya kati ya fito 12 zilizosimamishwa kwa mstari, sentimita 60 kutoka fito hadi fito. Mwongozaji hukimbia kando yake, akielekeza kwa sauti, kwa mkono na hata kwa upande anaogeuzia mabega.

Je, mbwa wa kienyeji anaweza? Wengi hudhani mchezo huu ni wa mbwa wa kizungu wenye vyeti vya ukoo. Watafiti wa India waliwajaribu mbwa wa mitaani ambao hawajawahi kufunzwa na yeyote: waliwaonyesha kwa kidole bakuli moja kati ya mawili. Wengi waliogopa hata kusogea. Lakini kati ya waliosogea, takriban asilimia 80 walifuata kidole sawasawa. Akili wanayo. Kinachokosekana ni kumwamini binadamu, na si ajabu, maana mbwa wengi wa mitaani wamezoea kumuona mtu akiinua mkono wenye jiwe.

Imani hiyo hujengwa mwilini. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ndiyo homoni inayosaidia kumfunga mama na mtoto wake mchanga. Utafiti mwingine, wa Ureno mwaka 2020, ulipima mate ya mbwa 92 wa nyumbani. Waliofunzwa kwa kukaripiwa na kuvutwa kola walikuwa na msongo mkubwa zaidi, kwa tabia zao na kwa homoni zao, kuliko waliofunzwa kwa zawadi. Fimbo, basi, inabomoa kilekile ambacho mchezo unakihitaji.

Old Korogwe, katika mji wa Korogwe mkoani Tanga, tayari ina sehemu kubwa ya vifaa vya mchezo huu. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ukatawala mashamba ya Korogwe. Kila mmea huchanua mara moja, ukisimamisha mlingoti mrefu, kisha hufa. Mlingoti ukikauka ni mwepesi, na wepesi ndio sifa ya kwanza ya kiunzi: ulazwe juu ya matofali bila kufungwa, ili mbwa akiugonga uanguke bila kumuumiza. Fito za kupenya zichomekwe ardhini. Mapipa matupu yaliyokatwa pande zote mbili na kulainishwa kingo huwa bomba.

Mwanzoni mlingoti ulale chini kabisa. Mbwa avuke, asikie neno fupi la sifa, apate kipande cha dagaa papo hapo. Dakika chache zinatosha, na aachwe akiwa bado anataka. Mbwa mchanga asirukishwe juu kabla ya kutimiza takriban mwaka mmoja, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado ni laini na zinakua. Tena Korogwe ni bondeni na jua lake ni kali, ilhali mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, si kwa jasho. Mazoezi yafanyike alfajiri, maji yakiwa karibu.

Katika mji wenye Waislamu wengi, suala la unajisi wa mate ya mbwa ni zito na linastahili heshima. Mchezo huu unaacha nafasi ya kuliheshimu: katika mashindano, mwongozaji hukatazwa kumgusa mbwa wake akiwa uwanjani, na kila kitu hufanyika kwa ishara na sauti. Na kumfunza mnyama si jambo geni katika dini, kwani aya ya nne ya Sura Al-Maida inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa na watu na inahalalisha mawindo yao.

Faida moja inavuka mipaka ya uwanja. Shirika la Afya Duniani linasema kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunaweza kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa, na dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba ni vigumu kumfikisha kwenye sindano. Aliyezoea kola, umati na sauti ya mwenyewe hutembea hadi kwa mganga wa mifugo. Kwa hiyo kundi lolote la viunzi litakaloanza Old Korogwe lianze na kadi za chanjo, kabla ya mbwa wa kwanza kuvuka mlingoti.