Kuingia si Kuwaka

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, ukiacha chache mno za kizazi cha saba. Masharti hayo yanagusa moja kwa moja ofisi nyingi za Afrika Mashariki, ambako kompyuta ya mezani ni HP au Dell iliyokwisha kutumika Ulaya au Marekani, ikaletwa kwa kontena na kuuzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Mwenye mashine kama hiyo yenye Core i5-7500 huwaza jambo la busara kabisa: nitafute i5-8500 iliyotumika, niing'oe ya zamani, niipachike. Zote mbili zina migusano 1,151. Ukubwa ni uleule, mikato ya pembeni ni ileile. Ya kizazi cha nane inalala kwenye soketi bila kulazimishwa na mkono wa chuma unaibana vizuri. Ukiwasha, feni zinazunguka na skrini inabaki nyeusi.

Hakuna kilichoharibika. Kizazi cha nane kilipoingia kwenye kompyuta za mezani Oktoba 2017, Intel ilipanga upya baadhi ya migusano ile 1,151. Prosesa za Core i5 zilitoka kwenye viini vinne zikawa na sita, zikahitaji mkondo mkubwa zaidi, na baadhi ya migusano iliyokuwa akiba ikapewa kazi ya kupitisha umeme. Juu ya hilo, BIOS za bodi za zamani, yaani programu zinazoiamsha kompyuta, hazikufundishwa kuitambua prosesa mpya. Baadaye wajuzi wachache waliweza kuziwasha kwenye bodi hizo kwa kuichezea BIOS na kuziba baadhi ya migusano. Kwa maoni yangu, hilo linaonyesha kwamba kizuizi kikubwa kilikuwa kwenye programu kuliko kwenye shaba.

Vifaa viwili vya kompyuta hupatana kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni umbo: kimoja kinaingia kwenye kingine. Ya pili ni umeme: volti na ampea zinazotoka upande mmoja ndizo zinazotakiwa upande wa pili, tena kwenye pini zilezile. Ya tatu ni lugha: programu iliyo ndani ya kimoja inakitambua kingine na inajua namna ya kukiamsha. Jicho la mnunuzi huona ya kwanza peke yake, na fedha nyingi hupotelea kwenye zile mbili zilizobaki.

Kwamba mtu anaweza kukaa mezani kwake na kuunganisha prosesa, bodi na RAM za makampuni matatu tofauti ni jambo lenye historia. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150, yenye nafasi tano za kuongezea kadi. Timu iliyoiunda kule Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, ilikuwa inakimbizana na muda. Ikatumia sehemu zilizokuwa tayari sokoni, kisha ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na hata maandishi ya programu ya BIOS. Compaq na wengine wakaandika BIOS zao zinazofanya kazi ileile bila kuinakili ya IBM, na soko likafunguka. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX vinavyoeleza matundu ya skrubu yakae wapi, kebo za umeme ziwe na pini ngapi, na milango ya nyuma itokee upande gani. Bodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na ndogo yake ya microATX ina 244 kwa 244. Ndiyo maana kasha la miaka kumi na tano iliyopita bado linaweza kupokea bodi ya leo.

Mashine nyingi za ofisi zilizotumika hazifuati mpango huo. Utakuta pawa saplai ina kebo kuu ya pini 6 au 8 za mtengenezaji mwenyewe badala ya zile 24 za ATX, na bodi yenye umbo lisilokubali kasha jingine. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hununua mashine ya aina hiyo wakikusudia kubadilisha kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana. Ni mashine imara, lakini mlango wake wa kupanuka ni mwembamba. Anayetaka kompyuta itakayokua pamoja na kazi yake afadhali aanze na sehemu za kawaida tangu mwanzo.

Nichukue mfano ambao ningempa mhasibu, mfasiri au mwalimu: Core i5-12400, iliyotoka Januari 2022. Ina viini sita, inakaa kwenye soketi ya LGA 1700, inakidhi masharti ya Windows 11, na ina grafiki yake ndani, kwa hiyo haihitaji kadi ya pembeni. TPM yake imo ndani kwa njia ya programu, pengine uiwashe tu kwenye BIOS. Angalia herufi ya mwisho. Ikiandikwa i5-12400F, sehemu ya grafiki haifanyi kazi. Bodi itakuwa na tundu la HDMI nyuma, utachomeka monita, na hakitatoka kitu. Bei ya F huwa chini kidogo, na wanaoikimbilia bila kujua hulazimika kununua kadi ya grafiki ambayo kazi yao haikuihitaji.

Prosesa hiyo inakubali RAM ya DDR4 na ya DDR5, ila bodi hukubali moja tu. Zote mbili zina pini 288 na urefu unaokaribiana mno. Kinachozitenganisha kwa macho ni mkato ulio kwenye ukingo wa pini: umehamishwa kidogo, ili ya aina moja isiingie kwenye nafasi ya nyingine. Mkato ule ni ulinzi. DDR4 hutumia volti 1.2 zinazoandaliwa na bodi, wakati DDR5 ina chipu yake ya kuratibu umeme juu ya kijiti chenyewe na kumbukumbu zake hutumia volti 1.1. Fundi anayekandamiza kijiti kinachokataa kuingia anapigana na kitu kilichowekwa kwa makusudi kumwokoa.

Hapa kwenye RAM ndipo ngazi ya lugha inapoonekana vizuri kuliko kwingine. DDR4 ya 3200 hutuma data mara bilioni 3.2 kwa sekunde kwenye kila waya. Muda kati ya biti moja na inayofuata ni takribani theluthi moja ya nanosekunde, ambapo mwanga hewani husafiri sentimita 9 na kidogo. Ndani ya bodi mawimbi ya umeme huenda karibu nusu ya kasi hiyo. Kwa hiyo kabla biti ya kwanza haijafika kwenye prosesa, ya pili imekwisha kuondoka, na ya tatu pengine inanyanyua mguu. Zinafuatana njiani kama siafu. Tazama bodi yoyote kati ya soketi na nafasi za RAM utaona vistari vya shaba vinavyojipindapinda bila sababu ya dhahiri. Vimepindwa ili waya zote za kundi moja ziwe na urefu mmoja, biti zao zifike pamoja.

Hata hivyo urefu peke yake hautoshi. Kila kijiti cha RAM kina kichipu kidogo kinachohifadhi maelezo yake: ukubwa, kasi, na muda kinaopaswa kusubiriwa. Kompyuta ikiwashwa, BIOS hukisoma kwanza, kisha hujaribu tena na tena kupima sekunde ipi hasa, au niseme sehemu ipi ya nanosekunde, ndiyo ya kusikiliza. Kwenye bodi za DDR5, hasa za AMD zenye soketi ya AM5, zoezi hili la mara ya kwanza linaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi. Watu huzima kwa hofu, wakiwasha tena zoezi huanza upya. Subiri.

Nunua vijiti viwili vilivyouzwa pamoja, GB 8 kila kimoja, badala ya kimoja cha GB 16. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Kijiti kimoja kikikaa peke yake hutumia njia moja, na grafiki ya ndani, ambayo haina kumbukumbu yake, ndiyo huumia zaidi. Kwenye bodi ya nafasi nne, viweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, isipokuwa kijitabu cha bodi kikisema vinginevyo.

AMD ilichukua njia tofauti na ya Intel. Soketi yake ya AM4, yenye pini 1,331, ilihudumia prosesa za Ryzen tangu 2017 hadi mfululizo wa 5000. Ni uamuzi ninaouheshimu, maana umewaokolea watu wengi gharama ya bodi mpya. Lakini umbo lilipobaki lilelile, mzigo wote ulihamia kwenye lugha. Bodi ya B450 iliyotengenezwa 2018 na kukaa stoo na BIOS yake ya awali haiijui Ryzen 5 5600G ya 2021. Utaikuta imekufa mikononi mwako, kumbe inahitaji kusasishwa tu. Baadhi ya bodi zina kitufe nyuma kinachoruhusu kusasisha BIOS kwa flashi hata pasipo prosesa. Bodi yenye kitufe hicho ina thamani ya ziada kwa anayenunua mbali na duka linaloweza kumsaidia. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa bodi wa mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na usome safu inayotaja toleo la BIOS.

Kwenye diski, la muhimu ni kuachana na ile inayozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo kungoja tu sahani ifike pale data ilipo huchukua wastani wa milisekunde 4, mbali na muda wa kichwa kusogea. Kwa kutwa nzima ya kufungua mafaili madogo, hapo ndipo uzito wa kompyuta ya zamani ulipo, wala si kwenye prosesa. SSD nyembamba ya M.2 huwa na upana wa milimita 22 na urefu wa 80, lakini kwa umbo hilohilo kuna ya SATA, isiyovuka MB 600 kwa sekunde, na ya NVMe, inayopita njia za PCIe na kufika maelfu. Ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili kwenye pini, ya NVMe mara nyingi ina mmoja. Bodi nyingi mpya hazisomi ya SATA kwenye tundu hilo, ingawa inaingia.

Kuhusu pawa saplai, sitaki kupita haraka. Mashine ya i5-12400 tuliyoitaja, prosesa yake ikifikia kilele cha wati 117 na vingine vikichukua hamsini hivi, haifiki hata wati 200. Ya wati 450 iliyo ya kweli inatosha na kubaki. Neno kubwa ni hilo: ya kweli. Usisome namba kubwa ya ubavuni; soma jedwali la kibandiko, tafuta ampea za volti 12, uzidishe. Ampea 30 ni wati 360, na hizo ndizo zinazolisha prosesa. Kibandiko kinachojigamba wati 500 huku volti 12 zina ampea 18 kimekupa wati 216 za maana.

Kama pawa saplai ina kiswichi cha 115 na 230 mgongoni, kihakikishe kabla ya kuchomeka. Kikiwa kwenye 230, umeme wetu wa volti 230 hadi 240 hubadilishwa ndani kuwa takribani 325 za mkondo mnyoofu. Kikiwa kwenye 115, saketi ya kuongeza maradufu huanza kazi na kuzifikisha 650, kwenye kapasita ambazo kwa pamoja kwa kawaida hubeba 400. Hulipuka papo hapo.

Na usichanganye kebo za pawa saplai zinazochomoka. Upande wa diski na bodi una kanuni ya wote, upande wa pawa saplai hauna. Kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Anayebadilisha pawa saplai na kuziacha kebo za zamani mahali pake anaweza kupeleka volti 12 kwenye waya wa volti 5. Diski huungua pamoja na hesabu za miaka yote zilizomo.

Kasha na feni ya prosesa vipime kwa rula: urefu wa feni dhidi ya upana wa kasha. LGA 1700 ina matundu ya kufungia yaliyoachana milimita 78, tofauti na 75 za soketi za kabla yake, hivyo feni ya zamani itahitaji vifungio vipya.

Kabla ya kufunga chochote ndani ya kasha, weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, na prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha RAM na kebo mbili za umeme: ile ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa, inayosahaulika mara kwa mara. Unganisha monita, washa. Bodi nyingi za leo zina vitaa vinne vidogo pembeni, vya prosesa, RAM, grafiki na diski, vinavyowaka na kuzimika kila hatua inapopita. Cha diski kikibaki kinawaka wakati huo ni sawa, kwani hujaiweka. Kikigoma kuzimika kimojawapo cha vile vitatu vya mwanzo, anzia kwenye kifaa hicho: kama kimekaa sawasawa, kama kinapata umeme wake, na kama BIOS inakijua.