Swali la Pili: Kuitambua Sonona Zahanatini

Sonona haifiki zahanati kwa jina lake. Mgonjwa huja na kichwa kinachogonga, mgongo unaouma, moyo kwenda mbio au mwili usio na nguvu. Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, ambako watu wengi huishi kwa uvuvi na mabwawa ya chumvi, malalamiko hayo hupata maelezo ya haraka: jua, mizigo, malaria. Kipimo kikionyesha hana malaria, hupewa panadol na kurudi nyumbani. Wiki mbili baadaye yuko tena kwenye benchi lile lile.

Kurudi huko ni dalili. Tabibu wa kijijini ana nafasi nzuri ya kuiona kuliko bingwa wa mjini, kwa kuwa daftari la mgonjwa liko mbele yake: kichwa mwezi wa tatu, kichwa tena mwezi wa nne, kiuno mwezi wa tano, na kila safari dawa ya maumivu. Hapo linahitajika swali la pili, liulizwe kwa upole na mlango umefungwa: "Usingizi unaupata? Na mawazo je?" Mara nyingi machozi hutangulia jibu. Neno mawazo limebeba mzigo ambao neno sonona bado halijaubeba midomoni mwa watu. Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Si kila huzuni ni sonona. Aliyefiwa hulia, na matanga yapo ili asilie peke yake. Ugonjwa hudhaniwa pale ambapo kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni au haonji raha ya mambo aliyoyapenda, halafu usingizi, hamu ya kula na umakini vimevurugika, anajiona hafai, na shughuli zimemshinda. Mvuvi ambaye nyavu zake zimechanika mwezi mzima na hajazigusa, huenda si mvivu hata kidogo.

Mwaka 2008 watafiti wa Dar es Salaam, akiwemo Sylvia Kaaya wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 lililotengenezwa kwa mazingira ya Tanzania. Lipo pia dodoso la maswali tisa linalotumika duniani kote. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 uchunguzi wa kina unahitajika. Upungufu wa damu, VVU, tezi ya shingo na pombe lazima viangaliwe, na mama aliyejifungua karibuni aulizwe bila kusubiri alalamike.

Swali linaloogopwa zaidi ni la kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulisema. Mwenye nia hiyo asiachwe peke yake, sumu na dawa ziondolewe karibu naye, na apewe rufaa siku hiyo hiyo. Wakati wa masika, barabara za huku zinapojaa tope, mpango wa usafiri ufikiriwe mapema.

Tiba huanza kwa mazungumzo: kueleza kwamba huu ni ugonjwa, kuchagua tatizo moja linalowezekana kutatuliwa, kurudia kidogo kidogo kazi na jamaa. Hili halihitaji bingwa. Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na daktari Dixon Chibanda, hutumia bibi wa mtaani waliofunzwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Familia ikiamini ni pepo, kugombana nayo humfukuza mgonjwa. Aendelee na dua, na matibabu pia.

Ugonjwa ukiwa wa kati au mkali, hutumika fluoksetini au amitriptilini. Kabla ya kuandika dawa, tabibu aulize kama mgonjwa amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kwani dawa huweza kuviamsha. Amitriptilini ikizidishwa huua, hivyo mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe vidonge vya mwezi mzima. Nafuu huchukua wiki nne hadi sita, na wengi huacha kabla ya hapo wakidhani dawa haifanyi kazi. Dawa hizi hazileti uraibu. Mgonjwa akipona huendelea kumeza kwa miezi 9 hadi 12, kisha dozi hupunguzwa taratibu kwa wiki nne au zaidi, huku akiendelea kuja kuonana na tabibu.