Adhabu Iliyokosa Mechi Yake

Katika soka la Tanzania ipo kamati ambayo mashabiki wengi hawalijui jina lake rasmi. Kwenye karatasi inaitwa Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, nayo iko chini ya Bodi ya Ligi Kuu. Lakini ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mtwara, Chikongola au Mikindani, utaisikia ikiitwa Kamati ya Saa 72. Jina hilo la mtaani ni ahadi: ndani ya siku tatu baada ya mechi, ripoti ya mwamuzi na ya kamisaa iwe imesomwa, na aliyekosa ajue hukumu yake kabla timu yake haijapanda basi kwenda mechi nyingine. Makosa mazito hupelekwa Kamati ya Nidhamu ya shirikisho la soka nchini, TFF, na asiyeridhika ana Kamati ya Rufaa. Kwa mpangilio, hakuna kinachokosekana. Kero ya shabiki inaanza pale saa 72 zinapogeuka wiki tatu, wiki tatu zikawa miezi, na mchezaji ambaye kila mtu alimwona kwenye televisheni akimpiga mwenzake kiwiko anaendelea kupangwa kikosini.

Kero hiyo mara nyingi huchukuliwa kama hasira za ushabiki tu, kwamba watu wanataka kumwona mchezaji wa mtani akiumia. Mimi naona mashabiki wameshika jambo zito kuliko wanavyodhaniwa. Adhabu ya kukosa mechi haifanani na faini. Faini ya shilingi milioni moja ni ileile ikilipwa leo au mwezi ujao. Adhabu ya mechi ina mahali pake kwenye ratiba, na ikihamishwa inabadilisha mtu anayeibeba. Tuchukue mfano wa kufikirika. Beki wa timu kubwa anafanya utovu wa nidhamu Mbeya Jumamosi, mwamuzi haoni, kamera inaona. Wiki inayofuata timu yake inakuja Mtwara kucheza kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona, beki yumo, anazuia mpira wa mwisho kwenye mstari, wenyeji wanapoteza. Wiki ya tatu kamati inakaa na kumfungia mechi tatu. Atakayenufaika na pengo lake ni timu ya Dodoma, ya Mwanza au ya Tanga. Katika ligi ya nyumbani na ugenini, timu ya beki yule haitarudi tena Mtwara msimu ule. Adhabu imetolewa, hesabu ya mechi tatu imetimia, lakini watu wa kusini wamelipa gharama yake na wengine wamekula faida.

Hili halihitaji kufafanuliwa sana kwa watu wa mkoa wa korosho. Mkulima wa Tandahimba au Newala anaijua tofauti ya pesa iliyokuja kwa wakati na pesa ileile iliyokuja imechelewa. Msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilikuwa nzuri, lakini malipo ya wengi yalichelewa, na ada za shule, viuatilifu na palizi havikusubiri. Haki iliyokosa tarehe yake hubadilika thamani. Ndanda FC ya Mtwara, wana kuchele, walicheza Ligi Kuu kwa misimu sita, kuanzia 2014/15 hadi walipoteremka mwisho wa 2019/20. Kwa timu ya aina hiyo, inayopigania kubaki ligini kwa tofauti ya pointi mbili au tatu, suala la nani yumo na nani hayumo katika kikosi cha mgeni siku moja ya mwaka linaweza kuamua msimu mzima. Leo Namungo ya Ruangwa, jirani zetu wa Lindi, wanaishi katika hesabu hiyohiyo.

Mfano mkubwa zaidi tulionao nchini ni ule wa Mohamed Fakhi, nao unastahili kutazamwa kwa utulivu kwa sababu unaonyesha ucheleweshaji unaanzia wapi. Aprili 2, 2017, Kagera Sugar waliifunga Simba mabao 2-1 mjini Bukoba. Simba walilalamika kwamba Fakhi, beki wa Kagera, hakustahili kucheza kwa sababu alikuwa na kadi tatu za njano, ambazo kwa kanuni za wakati ule zilimfanya mchezaji akose mechi inayofuata. Kadi iliyobishaniwa ilihusu mechi dhidi ya African Lyon, ya Januari. Kamati ya Saa 72 ikakubaliana na Simba na kuwapa pointi 3 za mezani. Kagera wakapinga, na kabla Aprili haijaisha, Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikautengua uamuzi huo na kuwarudishia Kagera ushindi wao. Simba wakasema watakwenda hadi FIFA. Ligi ilipofika mwisho mwezi Mei, Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Kila shabiki anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe: pointi 3 zile zingebaki kwa Simba, kombe lingekwenda Msimbazi.

Watu wengi wanaikumbuka kesi ya Fakhi kama vita ya Simba na Yanga, au kama ushahidi kwamba kamati zinapendelea. Kwangu mimi, kilichotakiwa kutushtua ni kitu kidogo zaidi. Kadi ya njano ni tukio linalotokea mbele ya maelfu ya watu. Mwamuzi anainyanyua juu, anaiandika kwenye kijitabu chake, kisha kwenye ripoti. Iweje swali la kama mchezaji ana kadi mbili au tatu liwe bado linabishaniwa miezi mitatu baadaye, na lijibiwe tofauti na kamati mbili za shirikisho moja? Kamati zilikaa haraka, hilo tukiri. Kilichochelewa ni kumbukumbu. Kama orodha ya kadi ingekuwa imewekwa wazi Januari, klabu zote zikaiona na zikapewa muda wa kuipinga, basi Aprili kusingekuwa na la kubishania. Kagera wangemwacha nje ya kikosi, au Simba wangefungwa na kwenda nyumbani kimya. Tunapozungumzia uamuzi kuchelewa, tunawatazama wanasheria waliokaa mezani, ilhali mara nyingi shida imelala kwenye karatasi ambayo haikufika au haikuonyeshwa mtu.

Wala si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Machi 21, 2025, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Afrika Kusini waliifunga Lesotho 2-0 huku Teboho Mokoena akicheza wakati alitakiwa kukosa mechi hiyo kwa kadi mbili za njano. Kadi hizo zilikuwa zinajulikana, moja ya mechi dhidi ya Benin na nyingine ya mechi dhidi ya Zimbabwe. FIFA walitangaza uamuzi Septemba 29, siku 192 baadaye: Lesotho wapewe ushindi wa 3-0, Afrika Kusini wapoteze pointi 3. Kwa zaidi ya miezi sita, timu zote za kundi lile, pamoja na majirani zetu Rwanda, zilicheza zikiutazama msimamo ambao haukuwa wa kweli. Kocha anayedhani anahitaji sare hupanga timu tofauti na kocha anayejua anahitaji ushindi. Mwishowe Afrika Kusini walifuzu uwanjani mwezi Oktoba kwa kuifunga Rwanda 3-0, na kelele zikatulia. Lakini kutulia kwa kelele kulitokana na matokeo, si na utaratibu.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la haki ya kusikilizwa. Wanasheria wa michezo watasema, na wana hoja, kwamba haraka ina hatari zake: mchezaji ana riziki yake, ana jina lake, na kamera huweza kudanganya. Oktoba 1, 2016, katika mechi ya Yanga na Simba iliyoisha kwa sare ya 1-1, Jonas Mkude wa Simba alipewa kadi nyekundu katika zogo lililofuata bao la Amissi Tambwe wa Yanga, ambaye mpira ulimgusa mkononi. Kadi ile ilifutwa baadaye na mwamuzi Martin Saanya akafungiwa miaka miwili. Kwa hiyo hata adhabu ya papo kwa papo, ile inayotolewa uwanjani, huweza kuwa na makosa. Nakubali. Lakini tazama ni nini kilichomwokoa Mkude: ni mapitio yaliyofanyika mapema, angali na mechi za kucheza. Mapitio yaleyale yangefanyika Machi yangekuwa barua ya pole. Aliyeonewa anauhitaji uamuzi wa haraka kuliko aliyekosa, kwa maana aliyekosa hufaidika kwa kila siku inayopita.

Na uharaka na kusikilizwa vinaweza kukaa pamoja. Luis Suárez alimng'ata Giorgio Chiellini Juni 24, 2014, katika Kombe la Dunia kule Brazili. Juni 26 FIFA walikuwa wameshamfungia mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne ya kutojihusisha na soka. Alipewa nafasi ya kujieleza, akajieleza, akakata rufaa, kesi ikafika hadi mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Rufaa ilichukua wiki kadhaa, adhabu ya awali ilichukua siku mbili. Wala hatuna haja ya kwenda Brazili kutafuta mfano. Septemba 27, 2015, Juma Nyosso wa Mbeya City alimdhalilisha John Bocco wa Azam uwanjani Chamazi. Mwamuzi hakuona, picha zikaonyesha, na katika siku chache Nyosso akafungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni 2. Ukali wa adhabu ile unaweza kujadiliwa. Kasi yake inatuambia kwamba uwezo upo, hapahapa, kwa kamati hizihizi.

Kuna kesi ambazo lazima zichukue muda, na shabiki mwadilifu hana budi kuzitenga. John Terry alishutumiwa kumtolea Anton Ferdinand maneno ya ubaguzi Oktoba 2011, na chama cha soka cha Uingereza kilitoa hukumu yake Septemba 2012, karibu mwaka mzima. Sababu ilijulikana kwa kila mtu: mahakama ya jinai ilikuwa na shauri lilelile, na chama kilisubiri limalizike. Hapa kwetu, Februari 13, 2016, Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0 siku moja, katika kundi la Daraja la Kwanza lililokuwa likitafuta timu ya kupanda. Kamati ya Nidhamu ilitoa hukumu Aprili 3, baada ya siku 50, klabu zote nne zikaadhibiwa na Mbao FC ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Siku 50 zile zilikuwa na kazi: mashahidi, viongozi, ushahidi wa upangaji matokeo. Na hukumu ilifika kabla ya msimu mpya, ikamkuta anayestahili kunufaika bado yupo mahali pake. Mbao haohao ndio walioifunga Yanga 1-0 siku ya mwisho ya msimu uliofuata, ule wa Fakhi. Ndiyo maana kipimo changu si idadi ya siku. Nauliza kama uamuzi umefika kabla ya mechi ambazo ulikusudiwa kuzigusa, na kama waliosubiri waliambiwa wanasubiri nini.

Pingamizi la pili ni la uwezo. Wajumbe wa kamati ni watu wenye kazi zao, kuwakutanisha ni gharama, na ligi yetu imetawanyika kutoka Bukoba hadi Mtwara. Zamani hoja hii ilikuwa na uzito. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kulitegemea kivuko, na masika yakishika, kusini ilikuwa kama imekatika na nchi. Karatasi ikitoka Mtwara ilikuwa inasafiri kweli. Sasa ripoti ya kamisaa inaweza kufika Dar es Salaam kabla jua halijazama Msimbati, na picha za mechi ziko kwenye simu za watu kabla wachezaji hawajaoga. Kosa lenye adhabu inayojulikana, kama kumpiga mwenzako bila mpira, halihitaji kikao cha watu saba. FIFA wenyewe huruhusu mjumbe mmoja aamue baadhi ya mashauri; nasi tunaweza kufanya hivyo, na mwenye kupinga akaenda kwa kamati nzima. Gharama yake ni ya mtu mmoja na kompyuta moja.

La tatu ni kwamba mashabiki wenyewe si wakweli: wanataka haraka kwa mtani na polepole kwa timu yao. Ni kweli, na ndiyo sababu kasi isiachwe mikononi mwa anayepiga kelele zaidi. Julai 2, 2022, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Arusha, Haji Manara, aliyekuwa ofisa wa Yanga, alitibuana na rais wa TFF, Wallace Karia. Julai 21 Kamati ya Maadili ilikuwa imeshamfungia miaka miwili na kumtoza shilingi milioni 20. Siku 19. Sijadili hapa kama alistahili. Najadili swali ambalo shabiki wa Masasi analiuliza kwenye kibanda umiza, na ni swali halali: kosa lililomgusa mkubwa lilipata kalenda, je, kiwiko kilichomvunja pua winga wa timu ndogo kina kalenda gani?

Kwa hiyo cha kudai kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa kanuni. Orodha ya kadi na ya waliofungiwa itolewe hadharani na Bodi ya Ligi baada ya kila raundi, klabu zipewe siku mbili za kuipinga, kisha ifungwe. Shauri ambalo halijaamuliwa ndani ya saa 72 litangazwe kwamba halijaamuliwa, kwa sababu gani, na litasikilizwa tarehe ipi. Na pale ambapo picha zinaonyesha ukatili usio na shaka, mchezaji asimamishwe kwa muda, mechi atakazokosa zikatwe kwenye adhabu yake ikithibitika. Orodha hiyo ingekuwa imebandikwa kwenye lango la Nangwanda Ijumaa jioni, mwenye tiketi angejua kabla ya kuingia ni nani atacheza na ni nani hatacheza, na kwa nini.