Ugomvi wa Malipo ya Fundi wa Nyumba

Mkulima akisha kuuza kahawa yake, shauri lake la kwanza ni nyumba. Anataka kuacha nyumba ya miti na udongo, kujenga ya matofali na mabati. Ni vema. Lakini nimeona nyumba nyingi zilizosimama bila paa, si kwa kukosa feza, ila kwa sababu mwenye nyumba na fundi waligombana juu ya malipo.

Jirani yangu mmoja, huku Kivu, alipatana na fundi mwezi wa sita, wakati wa jua. Fundi alitwaa nyumba nzima, kazi na vyombo, kwa bei moja. Walipatana kwa kinywa tu. Jirani alitoa nusu ya feza siku ya kwanza, na robo tena msingi ulipokwisha. Kuta zilipofika nusu, fundi akasema: «Baba, sementi imepanda bei, uniongeze.» Jirani akakasirika, akamfukuza. Mwezi wa tisa mvua ikaanza. Kuta zisizofunikwa zikalowa, matofali ya juu yakamomonyoka. Mama na watoto walilala jikoni. Na wale vijana wanne waliomsaidia fundi hawakupata mshahara wao.

Nani alikuwa na haki? Kila mtu alikuwa na neno lake, wala karatasi haikuwako.

Jueni kwamba sheria ya mapatano katika Kongo ni dekreta ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888. Ni ya zamani, lakini inafuatwa hata leo. Inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni kama sheria kwa wale waliopatana. Tena, fundi akitwaa nyumba kwa bei moja, kwa mchoro uliokubaliwa na wote wawili, hawezi kudai nyongeza kwa sababu mishahara au vyombo vimepanda bei. Ukitaka chumba cha zaidi, jambo hilo liandikwe pamoja na bei yake. Watu hulisahau neno hili: wanaongeza baraza kwa kinywa, halafu wanashangaa hesabu ya mwisho.

Lakini sheria haipimi ukuta. Ugomvi ukizuka, pimeni kazi kwanza, kabla ya kufukuzana. Iteni mwashi mwingine ambaye si ndugu ya mmoja wenu, aje na timazi na kamba, ninyi wote wawili mkiwapo. Mimi ni moniteri wa mashamba, si mwashi, lakini hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme bei yote ni franka 1,000: msingi 200, kuta 400, paa 300, milango na kupaka chokaa 100. Mwenye nyumba amekwisha kutoa 750. Msingi umekwisha, kuta zimefika nusu: kazi iliyofanyika ni 400. Fundi anashika 350 ambazo hajazifanyia kazi. Ngojeni, msimwite mwizi upesi! Tazameni mbao na sementi alizokwisha kununua zilizo pale kiwanjani. Kama ni za 150, basi deni lake ni 200 tu. Andikeni hesabu hiyo, mtie sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Mkishindwa kabisa kupatana, peleka karatasi zako zote katika tribinali ya amani. Mwenye maneno matupu atapata taabu huko.

Kwa nyumba mpya, gawanyeni malipo kwa kufuata kazi, wala msitoe nusu siku ya kwanza. Toeni feza ya vyombo vya msingi. Msingi ukipimwa, toeni ya kuta. Na fungu la mwisho libaki mpaka paa limepigwa na mvua moja kubwa. Fundi naye asikubali kuanza kuta kama msingi haujalipwa, maana vijana wake wanakula kila siku.

Yule jirani na fundi wake walipimiwa kazi mwezi wa kumi na mbili, mbele ya wazee. Fundi alikuwa amekwisha kula feza, hakuwa na kitu cha kurudisha. Wakapatana alipe deni kwa mikono yake, na jirani awape vijana chakula na mshahara wao wa nyuma, autoe katika ile robo iliyobaki. Mistari mitatu ya matofali ilibomolewa, ikajengwa upya. Mabati yalipigiliwa mwezi wa pili.