Amri Moja, Mistari Mingi: Kurekebisha Orodha ya Waumini Katika Kompyuta

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilizaliwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Lituhi, Mbamba Bay na Kilosa ziliingia katika wilaya mpya. Ngaka, penye makaa ya mawe, ikabaki Mbinga. Katika daftari la wino, badiliko la namna hiyo huandikwa jina kwa jina. Parokia iliyohamishia orodha yake katika kompyuta yaweza kulimaliza kwa amri moja. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo penye hatari.

Orodha hiyo hukaa katika jedwali. Kila mwamini ana mstari wake; kijiji na wilaya anakoishi vina safu zake. Amri huandikwa hivi:

UPDATE waumini SET wilaya = 'Nyasa'
WHERE wilaya = 'Mbinga' AND kijiji IN ('Lituhi', 'Mbamba Bay', 'Kilosa');

Mstari wa kwanza wataja jedwali na neno jipya la kuandikwa; wa pili waweka sharti la nani aguswe. Sharti likisahauliwa, kompyuta haiulizi: waumini wote, hata wa Ngaka, watahamishiwa Nyasa. Likitajwa jina la kijiji peke yake, mwamini aliyehamia Kilosa ya Morogoro naye ataandikwa mkazi wa ziwani.

Kwa hiyo katibu mwenye busara hutunza kwanza nakala ya akiba. Kisha hutumia sharti lilelile kwa amri ya SELECT, ambayo husoma tu bila kubadili, ili alinganishe majina na orodha za makatekista wa vigango. Mwisho hutanguliza START TRANSACTION kabla ya kurekebisha. Idadi ya mistari iliyoguswa ikiwa sawa, huthibitisha kwa COMMIT. Ikitofautiana, hutangua yote kwa ROLLBACK.

Lakini si kila safu yapaswa kufuata mabadiliko. Makazi ni hali ya leo. Ubatizo ni tukio lililokwisha kutendeka. Jimbo la Mbinga lilianzishwa mwaka 1986 kutoka Songea. Aliyebatizwa kabla ya hapo hakubatizwa chini ya Jimbo la Mbinga, na hakuna amri iwezayo kuubadili ukweli huo. Ndiyo maana Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza kwamba Kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima viongezwe katika kitabu cha ubatizo. Haiagizi kufuta yaliyotangulia.

Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa huombwa cheti kipya kutoka parokia walikobatizwa. Safu ya mahali pa ubatizo ikiharibiwa kwa amri ya haraka, watabisha mlango usio wao. Kabla ya kubonyeza kitufe, basi, tujiulize: tunarekebisha anwani ya mtu, au tunagusa kumbukumbu ya sakramenti yake?