Pato la Taifa: Istilahi Moja, Vipimo Viwili

Katika hotuba za bajeti na katika magazeti ya Tanzania, istilahi pato la taifa hutumika kila mara, na msomaji hudhani kwamba anaijua maana yake. Kwa hakika istilahi hiyo imebebeshwa dhana mbili ambazo wachumi huzitenganisha. Ya kwanza ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika mwaka mmoja, hata kama mwenye mali ni mgeni. Ya pili ni mapato ya wakazi wa nchi, yawe yamechumwa ndani au nje.

Tuchukue dhahabu ya Geita. Mgodi mkubwa wa huko ni mali ya kampuni ya kigeni. Thamani inayoongezwa na mgodi huo huingia yote katika kipimo cha kwanza, lakini faida inayowaendea wenye hisa ng'ambo hutolewa katika kipimo cha pili. Itangazwapo kwamba pato la taifa limekua, kwa kawaida kilichopimwa ni kile cha kwanza. Hivyo mwananchi huambiwa kwamba taifa limepata, ilhali kilichohesabiwa ni kilichozalishwa nchini. Kwa maoni yetu kipimo hicho kingefaa kuitwa pato la ndani, na pato la taifa libaki kwa kile cha pili.

Neno ghafi nalo lina taabu yake. Pato ghafi ni lile ambalo halijapunguzwa uchakavu wa mitambo, majengo na barabara. Lakini msomaji aliyezoea malighafi hufikiri ni pato ambalo halijasindikwa! Uchakavu, kinyume chake, ni neno zuri: fundi cherehani na mhasibu hulielewa sawasawa.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika mazao yasiyofika sokoni. Alan Peacock na Douglas Dosser, waliokadiria pato la Tanganyika la miaka ya 1952 hadi 1954, iliwabidi wakisie thamani ya chakula kilichotoka shambani kikaingia chunguni moja kwa moja. Kabla yao, katika miaka ya 1940, Phyllis Deane alikabili suala hilohilo katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, akashikilia kwamba hata kuni wanazookota wanawake zina thamani ya kuhesabiwa. Mfumo wa hesabu za taifa wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1993 uliweka mpaka wa ajabu kidogo. Mama akichota maji kisimani, kimsingi kazi yake ni uzalishaji. Akiyapikia maji hayo ugali wa wanawe, si uzalishaji. Akiwa mama ntilie na kuuza ugali huohuo, ni uzalishaji tena.

Shughuli hizi tumezoea kuziita za kujikimu. Neno hilo humfanya mkulima aonekane mtu wa kubangaiza tu, hata kama ghala lake limejaa. Na mtumishi wa serikali akilisikia hukumbuka posho ya safari. Tungependelea uzalishaji kwa matumizi ya nyumbani. Ni refu, lakini halimhukumu mtu.

Imebaki istilahi mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake na muundo wake wa uchumi hufanywa msingi wa kulinganishia. Mwaka 2014 Kenya ilihama kutoka kizio cha 2001 hadi cha 2009, na pato lake la mwaka 2013 likapanda kwa asilimia 25.3. Nigeria, mwaka huohuo, iliacha kizio cha 1990 na kushika cha 2010. Pato likaongezeka kwa asilimia karibu 89. Hakuna aliyevuna gunia la ziada kwa sababu hiyo. Shughuli zilizokuwapo ndizo zilizoonekana. Ongezeko la namna hii lisiitwe ukuaji. Tunapendekeza liitwe masahihisho ya makadirio.